Vihisi Vimenyamaza: Utatuzi wa Matatizo ya Mitandao ya Gharama Nafuu Jijini Mwanza na Kando ya Ziwa

Mwongozo huu unahusu mitandao midogo inayojengwa kwa fedha kidogo na halmashauri, kamati za maji, shule na vikundi vya vijana, ili kujua kina cha maji kwenye tangi la mtaa, hali ya taa za barabarani, ujazo wa mapipa ya taka au kimo cha ziwa kwenye gati. Umbo lake hufanana karibu kila mahali. Vihisi vinavyotumia betri hurusha ujumbe mfupi kwa teknolojia ya redio iitwayo LoRa, kisha getiwei, yaani kituo cha kupokelea kilichowekwa mahali pa juu, huupokea na kuupitisha kwenye laini ya simu au kiungo cha Wi-Fi cha 5 GHz hadi kwenye seva na dashibodi, yaani ukurasa unaoonyesha vipimo. Unafuu wake unatokana na kutumia masafa ya pamoja, ambayo hayajanunuliwa na kampuni moja, na vifaa vyenye uwezo wa kusikika kilomita kadhaa kwa nguvu ndogo sana. Kwa sababu hiyohiyo, hakuna kampuni ya simu itakayotuma fundi pale mtandao unapokwama.

Wanaoripoti hitilafu karibu wote huanza kwa kusema kwamba netiweki ni mbovu. Ukifuatilia, mara nyingi mawimbi hayana kosa lolote: kabla yake kuna umeme, bando, maji yaliyoingia kwenye konekta, au tarakimu moja iliyonakiliwa vibaya. Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini antena na masafa vimewekwa nyuma, na soketi na laini zimewekwa mbele, hata kama fundi angependa kuanza na antena.

Kabla ya kugusa chochote

Swali la kwanza ni hili: kimenyamaza kihisi kimoja, vihisi vya eneo moja, au vyote? Vyote vikinyamaza kwa pamoja, usipoteze nauli kwenda kuvitembelea kimoja kimoja, kwa kuwa tatizo liko kwenye getiwei au mbele yake. Kikinyamaza kimoja huku jirani zake wakiendelea, getiwei ni nzima, na kuiwasha upya kutaongeza tu usumbufu kwa walio hai.

Swali la pili ni lini, na hapa kuna mtego wa kwetu wenyewe. Taarifa za hitilafu huletwa na walinzi, wenyeviti wa mitaa na mama lishe wanaokaa karibu na kifaa, nao husema taa zilizimika saa tatu usiku. Kumbukumbu za seva zitaandika tukio hilo 21:00, au 18:00 ikiwa seva inafuata saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Fundi anayetafuta tukio hilo kwenye 03:00 hataliona, na ataondoka akiamini kwamba mlinzi alikuwa amelala. Andika saa zote mbili kwenye daftari la matukio tangu siku ya kwanza.

Onyo linalotangulia maonyo mengine yote linahusu radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba nyingi huumbika juu ya maji wakati wa usiku kisha kusukumwa kuelekea nchi kavu. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, shuka kwenye mlingoti au paa, wala usipande tena hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Vilevile, usipande mlingoti wowote peke yako, na usiguse mlingoti uliosimama karibu na nyaya za umeme kiasi kwamba ukianguka ungezifikia. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na inapobidi TANESCO wenyewe waombwe kukata umeme wa laini hiyo.

Dalili: vihisi vyote vimenyamaza kwa wakati mmoja

Chanzo kinachoongoza ni umeme. Katika ofisi za mitaa na shule, getiwei huchomekwa kwenye soketi ileile inayotumika kuchajia simu, na mtu huichomoa bila nia mbaya. LUKU nayo huisha Ijumaa jioni, na hakuna anayeingiza tokeni hadi Jumatatu asubuhi. Mpigie simu mtu aliye karibu na kifaa na umwombe akutajie ni taa zipi zinawaka, kwa sababu maelezo hayo ya dakika moja huokoa safari nzima ya kutoka mjini hadi Buhongwa au Kisesa. Ikiwa mnatumia soketi ya pamoja, tengeni moja iliyo juu, mbali na mikono, na ibandikwe karatasi inayosema kifaa hicho ni cha nini. Maandishi "usizime" peke yake hayasaidii, maana hayamwelezi msomaji ni nani atakayeumia akizima.

Pale getiwei inapotumia sola, pima betri kwa maltimita asubuhi kabla jua halijapanda. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani 12.7, na ikisoma chini ya 11.8 imekaribia kuisha, hata kama taa ya chaja bado inawaka. Kabla ya kununua betri mpya, panda uitazame paneli. Kwenye milingoti iliyo karibu na mwalo wa Kirumba, makorongo wakubwa hutua alasiri wakisubiri mabaki ya samaki, na kinyesi chao kikikauka juu ya paneli huwa kama chokaa. Kwa kuwa seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, doa moja linalofunika seli moja linaweza kupunguza umeme kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Loweka kwa maji asubuhi wakati kioo ni baridi, kisha ufute kwa kitambaa laini. Ukikwangua kwa kisu utaharibu kioo. Baadaye funga fimbo nyembamba iliyosimama juu ya ncha ya mlingoti ili ndege akose pa kutua.

Umeme ukiwa sawa, hamia kwenye bando. Toa laini kwenye rauta, iweke kwenye simu ya kawaida, kisha uangalie salio na ujaribu kufungua ukurasa wowote. Ikiwa bando limeisha, usiishie kuliongeza tu, bali tafuta kilichokula data. Getiwei ya LoRa yenyewe hutumia data kidogo mno, kwa hiyo bando la mwezi likiisha ndani ya juma moja, kuna mtu amejiunga na Wi-Fi ya rauta, au kompyuta ndogo ya getiwei inajipakulia masasisho ya programu. Laini inaweza pia kufungwa kwa sababu ya usajili. Tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, miradi mingi imekuwa ikitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mfanyakazi mmoja, naye akihama kituo, hakuna anayeweza kurudisha namba hiyo. Sajilini laini kwa jina la taasisi.

Ipo hitilafu moja inayowachosha wengi kwa sababu kila kitu huonekana kizima: umeme upo, intaneti ipo, taa ni za kijani, lakini seva inakataa kupokea. Kompyuta ndogo nyingi zinazotumika kama getiwei, zikiwemo za Raspberry Pi, huuzwa bila betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa na kurudi, kifaa huamka kikiamini kwamba bado ni jana, au hata mwaka 1970, na kwa kuwa vyeti vya usalama vya seva huwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, muunganisho hukataliwa. Ingia kwenye kifaa na utazame tarehe yake. Ikiwa imekosewa, hakikisha kifaa kinaruhusiwa kufikia seva za kurekebisha saa, na kwa maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, ongeza kipande cha saa chenye betri yake, ambacho bei yake ni ndogo.

Kebo inayopeleka umeme na data pamoja kutoka chumbani hadi juu ya mlingoti ndiyo inayofuata. Kebo za bei ya chini kabisa madukani mara nyingi ni za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe, na ukiona weupe ndani, usiitumie kupeleka umeme mbali, kwa sababu hupoteza volti zaidi na hukatika kirahisi kwenye konekta. Thibitisha pia kwamba adapta ni ile iliyokuja na kifaa, kwa maana vipo vifaa vya volti 24 na vya volti 48, konekta zake ni sawa, na adapta ya kuazima imeua redio nyingi kimyakimya.

Hatimaye kuna radi. Harufu ya kuungua, konekta iliyogeuka nyeusi, au vifaa kadhaa vilivyokufa usiku mmoja wa dhoruba ni ishara ya kusimama. Usibadilishe kifaa na kuondoka, kwa maana kipya kitakufa vilevile. Mwanza imejengwa juu ya miamba ya matale, na fimbo ya ethi, yaani ya kuupeleka umeme wa radi ardhini, iliyopigwa nyundo ikagota kwenye mwamba baada ya nusu mita haifanyi kazi yoyote, hata kama waya wake umefungwa kwa unadhifu. Mahali pa namna hiyo huhitaji ukanda wa shaba uliolazwa kwa urefu kwenye udongo uliopo kati ya mawe, wakati mwingine kuzunguka jengo zima, na kipimo cha ukinzani cha kuthibitisha matokeo. Mafundi wengi hulenga chini ya omu 10. Muite mtaalamu mwenye kipimo hicho, na umtake akupe namba aliyoipata kwa maandishi.

Dalili: kihisi kimoja kimenyamaza, majirani zake wanaendelea

Anza na betri, lakini uipime kwa namna sahihi. Vihisi vingi vya mita za maji hutumia betri za lithiamu za volti 3.6 ambazo hazichajiki, na volti zake hubaki palepale karibu hadi siku ya mwisho, kwa hiyo maltimita peke yake hudanganya. Betri iliyokaa stoo muda mrefu inaweza pia kusoma 3.6 ikiwa haina kazi, halafu ikaanguka mara tu kihisi kinapojaribu kurusha ujumbe. Njia rahisi ni kuweka betri mpya inayojulikana kuwa nzima na kuona kama kihisi kitaamka. Usiichaji betri ya aina hiyo kwa vyovyote vile, usiichome moto na usiichomelee waya moja kwa moja kwenye mwili wake, kwani inaweza kulipuka.

Baada ya betri ni maji. Fungua kasha na utazame kona za chini kama kuna ukungu wa unyevunyevu au kutu ya kijani kwenye konekta ya antena. Mara nyingi maji hayakupita kwenye kifuniko, bali yaliteremka juu ya kebo na kuingia pamoja nayo. Kebo inapaswa kupinda chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke kwenye pindo, na konekta zote za nje zifungwe kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, si solotepu ya kawaida, ambayo jua huikausha na kuiacha ikining'inia. Katika majira ambayo wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi na kufuata taa, hujazana kwenye kila upenyo wa kasha lililo kwenye nguzo ya taa. Nyuma yao huja buibui na mijusi, na mizoga iliyolowa ikilala juu ya bodi hufanya kutu. Ziba tundu zisizohitajika, na tundu la kupumulia lifunikwe kwa wavu mwembamba.

Ikiwa betri ni nzima, kasha ni kavu, na getiwei inasikia kihisi lakini dashibodi haionyeshi kitu, sababu huwa ni hesabu ya ujumbe. Kila ujumbe wa LoRaWAN, yaani utaratibu wa mtandao unaotumia LoRa, hubeba namba inayopanda, na seva hukataa namba iliyorudi nyuma ili kuzuia mtu asirudie ujumbe wa zamani kwa hila. Vihisi vilivyosajiliwa kwa njia ya ABP, yaani funguo zilizowekwa kabisa bila kujiunga upya, vikibadilishiwa betri vinaweza kuanza tena kuhesabu kutoka sifuri, na seva ikavipuuza. Weka hesabu sifuri upande wa seva, kisha panga kuhamia njia ya OTAA, ambayo hupatana funguo mpya kila kihisi kinapojiunga. Kuzima ukaguzi wa namba hizo moja kwa moja ni dawa ya haraka inayoacha mlango wazi, na hatuipendekezi kwa kitu chochote kinachohusu ankara.

Dalili: kihisi kipya kinakataa kujiunga

Hapa sababu inayoongoza ni mikono yetu. Funguo ni mifuatano mirefu ya herufi na tarakimu, na zinapoandikwa kwa mkono kutoka kwenye kibandiko, 8 hugeuka B na 0 hugeuka D. Nakili kwa kuskani kibandiko. Kumbuka pia kwamba baadhi ya programu hutaka mfuatano huo uandikwe kinyume, kuanzia mwisho.

Sababu ya pili ni toleo la masafa. Vifaa vya bei rahisi vinavyoagizwa mtandaoni huja katika matoleo ya 433, 868 na 915 MHz, vyote vikiwa na kasha lilelile, na hata antena zake zinafanana kwa macho. Getiwei ya 868 haitasikia kihisi cha 915 hata ukivibananisha. Soma lebo kabla ya kulipa, na uhakikishe kwamba masafa, nguvu na aina ya kifaa vimeidhinishwa na TCRA, kwa sababu kifaa kilichonunuliwa kwa bei ya kutupa huwa ghali sana kikizuiliwa au kikianza kuwaingilia wengine.

Jambo la tatu ni umbali, na watu hulicheka mpaka liwapate. Kihisi kikijaribiwa juu ya meza ileile iliyo na getiwei, mawimbi huwa makali kiasi cha kumlemea mpokeaji, na ujumbe huharibika au huonekana umefika kwenye chaneli isiyo yake. Kipeleke chumba cha pili au nje ya jengo kabla hujahukumu.

Hayo yakishindikana, tazama kumbukumbu za seva. Ikiwa ombi la kujiunga limefika na jibu limetumwa, lakini kihisi kinaendelea kuomba, basi jibu halikifikii. Kihisi husikiliza jibu hilo sekunde 5 baada ya kuomba, kwa dirisha fupi tu, hivyo intaneti inayochelewa kupita kiasi hulifanya jibu lifike wakati masikio yameshafungwa.

Dalili: baadhi ya ujumbe unapotea, hasa kutoka mitaa fulani

Hii ndiyo dalili yenye mjadala mwingi zaidi, na ndiyo inayowafanya watu watumie fedha vibaya. Kabla ya kununua chochote, soma namba mbili ambazo getiwei huandika kwa kila ujumbe: RSSI, yaani nguvu ya mawimbi, na SNR, yaani tofauti kati ya mawimbi na kelele. LoRa inaweza kusoma ujumbe uliozama chini ya kelele, takribani desibeli 7.5 chini yake kwa kasi ya SF7 na desibeli 20 kwa SF12 (SF ni ngazi ya kasi ya kurusha: namba ikipanda, ujumbe huenda polepole zaidi). Ikiwa vihisi vinavyopoteza ujumbe viko karibu na mipaka hiyo, tatizo ni njia ya mawimbi. Ikiwa namba zake ni nzuri na bado ujumbe unapotea, tatizo ni msongamano, na antena mpya haitasaidia chochote.

Tuanze na njia ya mawimbi. Kosa linalorudiwa jijini ni kuweka juu ya kilima antena yenye dBi nyingi, yaani kipimo cha jinsi antena inavyoyakusanya mawimbi kuelekea upande fulani, kwa imani kwamba namba kubwa ni bora. Antena haizalishi nguvu, bali huigawa tu. Ile ya dBi 8 inayoangaza pande zote huyabana mawimbi yawe bapa kama chapati, yakaenda mbali kwa usawa na kuwaruka walio chini. Nyumba iliyo mita 300 kutoka kilimani na mita 100 chini yake inaonwa kwa pembe ya takribani digrii 18 kuelekea chini, nje kabisa ya bapa hilo, wakati nyumba iliyo kilomita 2 mbali kwa kimo hichohicho inaonwa kwa digrii 3 tu. Ndiyo maana getiwei iliyoko kilimani Bugando au Isamilo inaweza kusikia vizuri kihisi cha mbali huku ikikosa cha Igogo au Mabatini, chini ya miguu yake. Jaribu kwanza antena ya dBi 3 au 5. Ni nafuu zaidi, na fundi anayekubishia mpe karatasi achore pembe.

Pili, hesabu kebo kati ya antena na redio. Mita 10 za kebo nyembamba ya RG58 hupoteza karibu desibeli 5 kwenye masafa haya, yaani zaidi ya theluthi mbili ya nguvu, ilhali kebo nene ya aina ya LMR-400 hupoteza zaidi kidogo ya desibeli 1 kwa urefu huohuo. Mara nyingi ni busara kuipandisha redio yenyewe juu, kwenye kasha lisilopitisha maji, na kubakiza kebo ya antena nusu mita. Usiwashe redio ikiwa antena haijafungwa, maana kipaza nguvu chake kinaweza kuungua.

Tatu ni mawe. Nyumba nyingi za mlimani zimejengwa katikati ya majabali yenye ukubwa wa nyumba, na kihisi kilicho nyuma ya jabali hakiokolewi na mlingoti mrefu zaidi upande uleule. Kinachosaidia ni getiwei ya pili, ndogo, upande wa pili wa kilima, hata ile ya ndani iliyowekwa dirishani kwa mtu anayeaminika. Kwa maoni yetu, getiwei mbili za wastani kwenye majengo yaliyopo ni bora kuliko mnara mmoja: mnara huhitaji msingi, ethi na kibali, na katika sehemu za Ilemela zilizo karibu na uwanja wa ndege, kimo chake ni suala la mamlaka ya usafiri wa anga pia. Ukifika mahali pa kuhitaji mnara kweli, mwachie mhandisi.

Sasa msongamano. Kila hatua kutoka SF7 kuelekea SF12 karibu huzidisha mara mbili muda ambao ujumbe unakaa hewani. Ujumbe wa baiti 10 huchukua takribani sekunde 0.06 kwa SF7, lakini sekunde 1.5 kwa SF12. Kanuni ya Ulaya, ambayo vifaa vingi vya 868 MHz hutengenezwa kuifuata, huruhusu kifaa kurusha kwa asilimia 1 ya muda kwenye chaneli kuu, yaani sekunde 36 kwa saa. Kihisi kinachotuma kila dakika 2 kwa SF12 kimeshavuka kiwango hicho, kinawaziba wengine, na betri yake haitafika inakotakiwa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba betri zilizoahidiwa kudumu miaka 5 zimeisha kwa miezi michache aanze kutazama SF, si duka alikonunua. Washa marekebisho ya kasi ya kujiendesha, ADR, kwa vihisi vyote vilivyosimama mahali pamoja, na uyazime kwa vile vinavyotembea, kama kilichofungwa kwenye mtumbwi au kivuko. Tangi la maji halihitaji kusomwa kila dakika; dakika 15 zinatosha.

Angalia pia kama vihisi vyote vimepangwa kutuma kwenye dakika sifuri ya kila saa, kwa sababu hugongana. Kwa taa za barabarani hali huwa mbaya zaidi: umeme ukikatika eneo zima na kurudi, taa zote huamka sekunde ileile, zote huomba kujiunga kwa pamoja, zote hukosa jibu, na zote hurudia. Msururu huo unaweza kudumu muda mrefu baada ya umeme kurudi. Dawa ni kupanga kila taa isubiri kwa muda wa kubahatisha, tuseme kati ya sekunde 0 na dakika kadhaa, kabla ya ombi lake la kwanza.

Dalili: kiungo cha 5 GHz kinachovuka maji kinayumba kwa nyakati fulani

Lawama ya kwanza hupewa mvua, nayo kwa kawaida haihusiki. Chini ya 10 GHz mvua hupunguza mawimbi kidogo mno kwa umbali wa kilomita chache. Kiungo kikianguka wakati wa mvua na kubaki kibovu hata jua likitoka, tafuta maji ndani ya konekta. Kikianguka na kurudi pamoja na upepo, kaza vishikizo vya sahani ya antena na waya za mlingoti.

Kikianguka asubuhi tulivu au jioni bila mvua wala upepo, fikiria maji yenyewe. Uso wa ziwa uliotulia huakisi mawimbi, na nakala inayotoka chini hufika pamoja na ya moja kwa moja na kuiua, kutegemea kimo cha maji na jinsi hewa ilivyojipanga kwa tabaka juu yake. Kwa kiungo cha kilomita 4 kuvuka Ghuba ya Mwanza, njia ya mawimbi ya 5.8 GHz hutanuka hadi nusu kipenyo cha mita 7 hivi katikati, na angalau asilimia 60 yake inapaswa kuwa wazi. Sahani iliyofungwa kwenye nguzo fupi ya gati haiwezi kutimiza hilo, na iliyotimiza mwaka ambao ziwa liko chini inaweza kushindwa likijaa, kama lilivyojaa hadi viwango vya juu sana mwaka 2020 na tena 2024. Ajabu ni kwamba kuishusha au kuisogeza sahani moja nyuma ya ukingo wa jengo, ili ukingo huo uizuie nakala ya chini, wakati mwingine husaidia kuliko kuipandisha.

Kiungo kinachokatika ghafla kwa dakika 1 au 10 kamili kisha kurudi kwenye chaneli tofauti hakina ugonjwa. Redio imesikia kitu ilichokidhani kuwa rada na ikahama, kama inavyotakiwa kwenye baadhi ya chaneli za 5 GHz. Chagua chaneli isiyo na sharti hilo, kwa kufuata nguvu inayoruhusiwa, wala usibadilishe nchi kwenye mipangilio ili kuliondoa, kwani rada hizo zinalinda ndege na utabiri wa hali ya hewa.

Dalili: takwimu zinafika, lakini haziaminiki

Tofauti ya saa 3 kati ya dashibodi na saa ya ukutani ni suala la UTC, na hurekebishwa kwenye mipangilio ya dashibodi peke yake. Seva iachwe ilivyo. Namba kubwa za ajabu baada ya kusasisha programu ya kihisi humaanisha kwamba mpangilio wa baiti umebadilika na kanuni ya kuzisoma kwenye seva ni ya zamani.

Kihisi cha kina kinachotumia mwangwi wa sauti kina matatizo yake. Kikisoma namba ileile siku nzima, panda utazame kama buibui ametanda mbele yake, au kama mwangwi unarudi kutoka kwenye ngazi ya ndani ya tangi. Kikitoa namba zisizoeleweka tangi linapokaribia kujaa, huenda maji yamepanda hadi kwenye sentimita 20 au 30 za karibu kabisa, ambazo vihisi vingi vya namna hii haviwezi kuzipima. Kikipanda mchana na kushuka usiku bila maji kutumika, ni joto: sauti huongeza mwendo hewa inapopata joto, na kwa umbali wa mita 3, tofauti ya nyuzi 10 za selsiasi isiyorekebishwa huleta kosa la takribani sentimita 5. Kwa kipimo cha ziwa kwenye gati, weka bomba lililosimama lenye matundu chini ili mawimbi ya vivuko yatulie ndani yake, na uchukue wastani wa vipimo kadhaa.

Mita ya maji ya mteja ni jambo lingine. Ikiwa kihisi kilichobandikwa juu yake kinatofautiana na tarakimu za mita yenyewe, piga picha zote mbili, andika saa, kisha uishie hapo. Lakiri ya mita haikatwi na fundi wa mtandao wala na mwenye nyumba, hata kwa nia njema. Ripoti ipelekwe kwa mamlaka ya maji ili mita ipimwe na wenye jukumu hilo, na hadi majibu yatoke, ankara ifuate tarakimu za mita.